Mti Ulioshika Nafasi ya Kwanza

Furaha ilimpanda kichwani, ndiyo maana akainua simu kabla ya kufikiri. Kazi ya mtafiti huyu ilikuwa kuzijaribu kemikali za mitishamba ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine, aone ipi itakaa sawasawa kwenye tundu la protini ya kirusi cha homa ya ini na kukizuia kisizaliane. Kirusi hicho alikichagua mwenyewe. Shangazi yake, mganga wa mitishamba aliyemlea, aliishi nacho kwa vidonge vya hospitali vya kila siku. Na asubuhi ile kemikali iliyoziacha nyingine zote mbali ilitoka kwenye gome la mti wa shangazi huyo huyo!

“Shangazi, mti wako umekuwa wa kwanza dhidi ya kirusi chako!”

“Weee! Daktari wa Kioo, usinitanie!” Alimwita hivyo kwa kuwa, alisema, hajapata kuona daktari asiyemgusa mgonjwa, kazi kukodolea kioo tu. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Mtafiti hakumwambia kwamba alama za kompyuta ni makisio tu, kwamba maabara bado haijasema neno. Ofisini kwao hilo kila mtu analijua, kwa hiyo hakuna anayelitamka.

Maabara ikaja kusema. Kemikali ile iliua kirusi, ikaua na chembe za ini pamoja nacho. Mtafiti akafunga safari kwenda kumweleza shangazi uso kwa uso, akijipa moyo kwamba atataniwa kidogo, yaishe.

Alimkuta amejiinamia kitandani, miguu imevimba. Alipoinua uso, macho yalikuwa ya manjano.

“Shangazi, vidonge unameza?”

“Vya nini tena? Niliviacha siku ile uliyonipigia. Nachemsha gome langu, nakunywa.”

Maskini wa Mungu! Mtafiti akapiga magoti, akamweleza yote. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Gome lile ni la kupaka vipele,” akasema taratibu. “Tangu ujana wangu sijampa mtu alinywe. Mimi sikuuamini mti, mwanangu. Nilikuamini wewe.”

Mtafiti akalia kwa kwikwi, shangazi akimpapasa mgongo kana kwamba mgonjwa ni yeye. Kisha wakaenda hospitali.

Daktari alimpima, akatazama majibu ya damu, akakunja uso. Alisema ini limeumia vibaya, na hawezi kuahidi chochote.

“Nani aliyekushauri uache dawa?” akauliza kwa hasira.

Shangazi akajibu upesi kutoka kwenye machela, kabla mtafiti hajafungua kinywa. “Hakuna mtu. Ukaidi wangu tu wa kizee.”

Akamkata jicho mtoto aliyemlea, anyamaze. Mtafiti akaushika mkono wa shangazi uliokuwa wa moto.

“Ni mimi, daktari,” akasema. “Mimi ndiye niliyempigia simu.”