Radhi ya Mwanamkasi

Baba alikataa kushuka garini. Nilikwisha zima injini, nikazunguka na kumfungulia mlango, na bado alikaa vile vile, mikono juu ya magoti, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mbele yetu palikuwa na nyumba ya bati yenye ua wa makuti, na nyuma ya ua ule mtu alikuwa anatwanga.

"Labda hayupo," alisema.

"Baba, kinu kinajitwanga chenyewe?"

Mtu aliyeimba mbele ya mawaziri na viwanja vizima vya mpira, miaka sabini kichwani, alikuwa anamwogopa mwanamke mmoja wa Fukayosi. Nami, nisiwe mwongo, nilikuwa namwogopa zaidi yake.

Kwa wasiomjua, baba yangu ni Bwanausi Kombo, Kamanda Bwanausi wa bendi ya Sauti ya Dunda. Alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo wa miaka ishirini na nne, akarudi mzima, akatunga wimbo mmoja uliomlisha maisha yake yote na sisi wanawe pia. Unaitwa Wasia wa Sharifu. Jukwaani aliuimba amevaa kofia ya jeshi, na kila mwaka siku za kuwakumbuka mashujaa zikifika, watangazaji wa redio humpigia simu awasimulie upya. Naye huwasimulia: jinsi rafiki yake Sharifu, kijana wa Fukayosi, alivyopigwa ng'ambo ya mto Kagera, jinsi alivyomlaza mapajani, jinsi Sharifu alivyofumbua macho mara moja na kusema, "Mwambie Mwanamkasi asikae na kiza kwa ajili yangu. Akitoka eda, aolewe na amtakaye." Nilipokuwa mdogo nililia kila nilipousikia. Shuleni niliwahi kupewa soda ya bure kwa kuwa mtoto wa mwenye wimbo, na niliinywa kwa majivuno makubwa.

Wiki moja kabla ya safari yake ya hijja alinijia jikoni baada ya alasiri. Nilikuwa natoa magamba ya samaki, changu niliowanunua Mbegani, ambako ninafundisha. Alisimama mlangoni muda mrefu, jambo ambalo si tabia yake. Baba akiingia mahali huingia na maneno.

"Sikuwepo," alisema.

"Wapi?"

"Alipokufa Sharifu. Sikuwepo, Najma."

Nilidhani uzee. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza yote bila kupumzika. Wakubwa wa kikosi walikuwa wamegundua sauti yake. Asubuhi moja alitumiwa gari, akapelekwa kambi ya nyuma kwa siku tatu kuwaimbia askari waliokuwa wanapumzika. Alilala kwenye godoro. Alikula nyama. Aliporudi mstari wa mbele, Sharifu alikuwa chini ya udongo, amezikwa na watu wengine. Kisha baba alipopewa ruhusa ya siku tano kuja nyumbani, akapita Fukayosi kumpa pole mjane, na pale mlangoni ulimi ukamgomea. Angemwambiaje mwanamke wa miaka kumi na tisa kwamba mumewe alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa anaimba? Basi akatunga. Aliporudi toka vitani aliyatia yale maneno muziki, na hapo yakawa hayarudishiki tena.

Nilikasirika. Nilikitupa kisu ndani ya karai nikatoka uani, maana nilihisi machozi yangu yote ya utotoni yamechukuliwa kwa ulaghai. Niliporudi alikuwa palepale kwenye ndoo, anawatazama wale changu.

Sheikh aliyekuwa anawafundisha mahujaji ndiye aliyemfikisha hapo. Aliwaambia haki za Mungu ni baina yako na Mungu, ila haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe, mdomo kwa mdomo, kabla hujavaa ihramu. Baba alikuwa ameuzunguka mtaa wetu wote wa Dunda kuomba radhi. Alimwomba hata fundi cherehani ambaye yeye mwenyewe alimtukana zamani kwa sababu ya suruali iliyobana. Ilikuwa imebaki nyumba moja tu.

"Asiponipa radhi," aliniambia, "siendi. Nitarudisha pasipoti."

Nilijua angefanya hivyo. Kaka zangu nami tulikuwa tumejinyima miaka minne ili apate ile safari, na yeye mwenyewe alikuwa ameililia tangu mama yetu hajafa. Kwa hiyo nilipomshika mkono pale Fukayosi kumtoa garini, sikuwa namshika kwa upole.

Nilipiga hodi. Kinu kikanyamaza.

Mwanamke aliyetokea alikuwa mwembamba, amejifunga khanga kifuani na nyingine kichwani, mchi bado mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama baba.

"Shemeji Bwanausi," alisema. "Umechelewa."

Alitutandikia mkeka chini ya kivuli cha ukuta, akatuletea maji. Baba hakuyagusa. Walisalimiana kwa urefu, kama wanavyosalimiana watu wanaoliogopa neno lijalo: hali, watoto, wajukuu, mvua, mumewe Ridhiwani aliyekwenda Lugoba kuangalia mbuzi. Salamu zilipokwisha kabisa, baba alivua kofia.

"Shemeji, nakwenda hijja. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Alimwambia. Hakupamba, hakujitetea, na ile sauti yake maarufu haikutumika hata kidogo; aliongea kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia. Alisema hakumlaza Sharifu mapajani. Alisema hakusikia wasia wowote. Alisema amekula na kuvaa kwa maneno ya uongo aliyoyatia kinywani mwa maiti, na kwamba akikataliwa hana la kulalamika.

Mwanamkasi alikuwa ameuweka mchi mapajani, anaufuta unga ambao sikuuona. Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekwisha jitayarisha kumbeba baba kurudi garini.

"Najua," alisema.

Baba aliinua uso.

"Nilijua kabla hujamaliza kusema, siku ile ile." Hapo akanigeukia mimi, kama vile ananisimulia mimi niliyekuwa sijazaliwa. "Baba yako alipokuja," aliniambia, "mimi nilikuwa ndani ya eda. Nilikaa chumbani, yeye akakaa ukumbini, katikati pazia. Hakuniona uso. Akasema, Sharifu kanituma, kasema mwambie Mwanamkasi. Mwanangu, mume wangu hakuwahi kunitaja jina. Tangu anioe mpaka alipopanda lori kwenda vitani, kwake nilikuwa 'wee, sikiza' na 'wa nyumbani kwangu'. Ndivyo walivyolelewa wanaume wa huku, kumtaja mke jina waliona haya. Leo aende akafie ugenini ndiyo alikumbuke?"

"Mbona hukusema, shemeji?" Baba aliuliza.

"Niseme nini? Nje barazani alikaa Mahmoud, kaka wa marehemu, ananisubiri nitoke eda anirithi kama jembe. Mkewe wa kwanza alikwisha anza kunichagulia kazi. Halafu wewe unakuja na magwanda yako, unaniletea ruhusa ya kuolewa na nimtakaye, imetoka kwa marehemu mwenyewe. Nikuumbue? Nilikaa kimya nikamshukuru Mungu."

Nilimwona baba akivuta pumzi, na mabega yake, ambayo tangu asubuhi yalikuwa juu karibu na masikio, yakaanza kushuka. Lakini Mwanamkasi alikuwa hajamaliza. Alitazama lango la ua, akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Na mimi sikuishia hapo."

"Vipi?"

"Niliongeza." Alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. "Ulipoondoka wazee wakaniita, wakataka kujua askari kasema nini. Nikawaambia ya kuolewa. Nikaona wanaguna lakini wanakubali. Basi nikawaambia, na ile mikorosho arobaini tuliyopanda naye, kasema asiiguse mtu, ni yangu mimi. Kasema Bwanausi, mkamuulize. Na wewe ulikuwa umekwisha rudi vitani, wangekuuliza wapi?"

Baba alimkodolea macho.

"Miaka yote hii, shemeji, wimbo wako ukipigwa redioni mimi roho juu. Nasema leo huyu atapita Fukayosi, wazee watamkalisha chini wamuulize mikorosho, naye atasema haijui. Nikisikia una onyesho Msata, siku hiyo siendi sokoni. Leo nilipoona gari na hiyo kofia nikasema yamefika. Hicho kinu hakina kitu. Nilikuwa natwanga hewa."

Kwanza ilimtoka baba sauti kama kikohozi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akainama na kuegemea mkeka kwa kiganja, na Mwanamkasi akacheka, nami nikacheka huku najifuta macho, sijui kama ni kwa ajili yao au kwa ajili ya pasipoti. Wazee wawili wameishi mwendo wa saa moja, mmoja kutoka kwa mwenzake, na miaka arobaini na kitu wanakimbiana, kila mmoja akiamini yeye ndiye mwizi.

"Mahmoud nilimwomba radhi kabla hajafa," alisema Mwanamkasi alipopata pumzi. "Akanisamehe. Akasema mikorosho yenyewe ilikuwa na mchwa. Umebaki wewe."

"Nimekusamehe, shemeji. Dunia na akhera."

"Nami nimekusamehe. Nenda hijja yako kwa amani, na ukifika huko uniombee."

Nilijisikia mwepesi, mwili mzima. Nilitaka kumbusu yule mama mikono. Baba alikunywa ile glasi ya maji yote kwa mkupuo mmoja, akaomba nyingine. Akasema akirudi hatauimba tena wimbo ule.

"Uimbe," alisema Mwanamkasi. "Watu wameuzoea. Ila redioni acha kuapa."

Tulikuwa tunatafuta viatu aliposema, bila kumtazama mtu, "Sasa niambie ya kweli. Wewe ulimwona lini mara ya mwisho?"

Baba alirudi akaketi. Alifikiri kidogo. Sidhani kama alikuwa anatafuta kumbukumbu. Nadhani alikuwa anaiogopa, maana haikuwa na uzuri wowote wa kuimbwa.

"Asubuhi," alisema. "Gari lililokuja kunichukua lilikuwa linaunguruma. Siku ile zamu ya kuchota maji mtoni ilikuwa yangu. Nikamwambia Sharifu, mimi naondoka, zamu yangu itakuwaje? Alikuwa amekaa anakula ndizi zilizochemshwa, amekunja uso. Akaniambia, zamu yako naichukua mimi, ila huko kwa wakubwa unakokwenda niletee chumvi. Ndizi hizi zinanishinda. Hakusema zaidi. Huko mtoni ndiko kombora lilikomkuta."

Mwanamkasi hakutikisika.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi, shemeji."

"Huyo ndiye." Sauti yake ilipanda. "Huyo sasa ndiye mwenyewe! Kila mchuzi niliompikia, chumvi haitoshi. Anaonja, anakunja uso, ananisogezea sahani. Mama yake aliwahi kumwambia akalale baharini." Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, hakuyafuta. Miaka yote alikuwa amepewa shujaa wa redioni aliyekufa kwa maneno mazuri. Leo alirudishiwa mume.

Alipotulia aliuliza, kwa sauti ndogo, "Uliipata?"

"Niliipata. Fungu zima, nimelifunga kwenye gazeti. Nilirudi nalo mfukoni."

Mwanamkasi alitikisa kichwa taratibu, akaikunja khanga yake, akaikunjua.

"Angefurahi," alisema. "Angeimaliza siku ile ile."

Alitupatia mfuko wa korosho tukaondoka. Hatukufika mbali baba akalala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma mchana kweupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sikuwahi kumwona amelala garini. Siku zote husema askari halali safarini. Ijumaa iliyofuata alikuwa na ndege. Kwenye daraja la Ruvu palikuwa na matuta, nikapunguza mwendo, nikayavuka moja moja.