Mama Abaki

Nimelala vitanda vya hospitali kuanzia Tunduma hadi Mpanda, maana mtu wa kuzurura huugulia popote. Safari hii nimonia ilinikamatia Sumbawanga, nikawekwa jirani na pazia la wagonjwa wa dharura.

Mchana wakamwingiza Beda, mkulima wa Mpui, aliyeanguka akishusha magunia ya mahindi. Moyo umesimama. Mkewe, Kristiana, kamng'ang'ania mguu.

"Ndugu nje!" Sista Asnath alishapanda kwenye kigoda, anasukuma kifua.

"Mama abaki," akasema Sista Jenifa, akiminya mfuko wa hewa.

"Abaki anivute gauni kama yule wa juzi? Hapa siyo ngomani."

"Baba yangu alifia nyuma ya mlango, dada. Mpaka leo mama anatuuliza walimfanya nini mle ndani."

Asnath akazidi kusukuma, pumzi alikuwa anaihitaji. Mara ubavu ukalia, ko! Nimeusikia mwenyewe. Kristiana akamrukia.

"Unamvunja mume wangu!"

"Si nilisema!" Asnath akang'aka.

Jenifa akamkabidhi ule mfuko daktari aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akamshika mama mabega. "Moyo wake umegoma, mama. Huyu anausukuma kwa mikono. Ubavu utaunga. Mshike miguu, mwite."

Akamshika. Akamwita kwa Kifipa, akamkumbusha ng'ombe wake, na ulezi ambao haujavunwa. Asnath anasukuma, jasho linamdondokea yule bwana kifuani. Wakapokezana, wakapokezana tena. Mwisho daktari akatikisa kichwa.

Mdogo wake Beda, Mathias, akafika anafoka. "Mmemuua! Mnafukuza watu ili mfanye mnavyotaka!"

"Shemeji, nyamaza," Kristiana akamwambia. "Sikufukuzwa. Nimemshika miguu mpaka mwisho. Huyu dada amemhangaikia kaka yako mpaka jasho lake limemlowanisha."

Mathias akakaa sakafuni palepale. Kristiana akapiga magoti mbele ya Asnath, akapiga makofi taratibu, vile Wafipa wanavyomshukuru mtu. Asnath akageukia ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

Baadaye, wakitandika kile kitanda, nikamsikia Asnath.

"Jenifa, akija mwingine, ndugu abaki. Ila wewe usimame naye tangu mwanzo, umweleze. Siwezi kusukuma moyo huku nachunga mgongo wangu."

"Sawa, dada. Na akileta fujo?"

"Unamtoa. Wewe, siyo mimi."