Kinyozi Hafumbi

Kinyozi alikuwa amemaliza shavu moja la fundi bomba na kulipaka povu la pili pale macho yake yalipozimwa. Hayakuuma. Yalizimika tu kama taa ya jikoni, naye akasita kidogo, akaendelea na wembe kwa kupapasa, kama alivyofanya miaka yote ya upofu kabla kampuni haijampandikiza macho ya bandia.

"Mbona umesita?" fundi bomba aliuliza.

"Wamenizima. Tulia. Sura yenyewe ina kazi, usiiongezee kovu."

Simu ya kinyozi ikalia, ujumbe umeingia. Fundi bomba akausoma kwa sauti, povu likimdondokea kifuani. Kampuni inasikitika. Macho ya aina ile hayahudumiwi tena. Vipuri vimekwisha. Asante kwa kuwa nasi.

"Vimekwisha?" kinyozi alisema. "Na binti yangu anajifungua wakati wowote!"

Mtaa mzima ulijua kwamba alikubali kuchokonolewa kichwa ili amwone mjukuu. Sura nyingine zote, alikuwa akisema, angezikosa na asipungukiwe na kitu.

Baada ya chakula cha mchana macho yakawaka yenyewe, ila hayakuonyesha saluni. Yalionyesha ofisi ya mkurugenzi wa kampuni. Mkurugenzi alikuwa amevua viatu chini ya meza, anajikuna unyayo. Kinyozi akawaeleza wateja, nao wakataka kujua rangi ya soksi.

Nyuma ya mkurugenzi mlango wa stoo ulikuwa wazi. Maboksi ya vipuri yalifika darini, kila moja likiwa na picha ya macho kama ya kwake.

"Vimekwisha, eti," kinyozi alisema, akakung'uta nywele kwenye kitambaa.

Habari zikatoka saluni, na kule ofisini mtazamo wa kinyozi ukajulikana upesi. Ulikaa juu ya kabati, na aliyekaa chini yake shingo ilimwasha. Wakatundika pazia. Kinyozi akaona kupitia pazia, akawaarifu wateja kwamba halijapigwa pasi. Wakamhamisha mkurugenzi ghorofa ya juu. Mtazamo ukapanda naye, na stoo ikaonekana vilevile. Mwishowe wafanyakazi wakazoea. Wakiingia, walimpungia mkono kinyozi kwanza, halafu wakamsalimu bosi.

Ndipo kampuni ikamtuma fundi wake wa macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniwasha?"

"Hapana. Bosi anakuomba ufumbe. Chakula hakimpiti kooni. Au tuyatoe kabisa, bure, upumzike."

"Niwasheni, nitaacha kumtazama. Vipuri mnavyo."

"Vile vinakwenda kuchomwa, mzee. Watu wanunue macho mapya."

"Basi mwambie bosi soksi ya kulia imetoboka."

Fundi wa macho akafikiri kidogo, akaomba apunguzwe nywele za pembeni, kisha akaondoka kupeleka salamu.

Binti akajifungua salama. Siku alipopata nguvu alikuja saluni na kichanga, akakiweka mapajani mwa baba yake. Wateja wakasogeza viti.

"Anafanana na nani?" kinyozi aliuliza.

"Na wewe, baba. Balaa tupu."

Akapitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye kipua, kwenye mdomo uliokuwa ukitafuta maziwa. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayetafuta unywele uliobaki. Mbele ya macho yake wapagazi walikuwa wakitoa maboksi stoo na kuyapakia kwenye lori. Mkurugenzi aliwasogezea kiti kilichowazuia njia, akarudi mezani, akafunua sahani yake.

Machozi yalikuwa yakimtoka kinyozi. Binti akayafuta kwa ukingo wa kanga.

"Fumba basi, baba. Pumzika hata kidogo."

"Nifumbe, na bosi ndiyo kwanza anashika kijiko?"

Akamkumbatia mtoto vizuri, akakodoa macho.