Fundi Majokofu na Kikopo cha Maabara

"Nani alikwambia utie barafu?"

"Mama, punguza sauti."

"Nitapunguza ukinijibu."

Mwanangu alisimama kwenye korido ya kliniki, amekumbatia boksi lake la kubebea barafu. Ni fundi majokofu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Asubuhi alijaribu kutoa mbegu za kiume pale kliniki, akashindwa, akaomba akatolee nyumbani. Sista akampa kikopo na agizo moja: kiweke kwapani, kisipoe, kifike ndani ya saa moja. Yeye akaenda kukifukia kwenye barafu.

"Kitu kinachoharibika kinawekwa baridi," alisema. "Maziwa, nyama, chanjo."

"Wewe ni nyama?"

Sista alijifanya anasoma fomu.

Nyuma ya mlango wa pili mkwe wangu alikuwa amelala, usingizi wa dawa haujamtoka. Siku kumi alijichoma sindano tumboni bila kulalamika, na asubuhi hiyo daktari alimtoa mayai manane. Na tatizo halikuwa lake. Miaka minne nilimsumbua yeye, nikimpeleka kwa daktari huyu na yule, hadi kipimo cha mwanangu kikaonyesha mbegu zake ni chache na nzito kutembea. Siku hiyo hiyo nilimwomba mkwe wangu radhi, jikoni, na hatukulirudia. Daktari alitueleza kwamba mbegu moja huchaguliwa na kuingizwa kwa sindano ndani ya yai moja. Kwa hiyo tulihitaji mbegu nane tu. Nane, na mtu mzima kazigandisha.

Mtaalamu wa maabara, binti mwembamba mwenye kofia ya karatasi, alitoka. Nikaushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Hakuna inayotikisika," alisema. "Lakini msihangaike. Mayai yanaweza kusubiri hadi saa tisa. Kaka atatoa nyingine hapa hapa, na mara nyingi ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza. Ikishindikana kabisa, daktari atazitoa kwa sindano kwenye korodani, kwa ganzi."

Nikamgeukia mwanangu.

"Umesikia? Ingia chumbani."

"Siwezi."

"Mkeo katobolewa tangu asubuhi, wewe umeambiwa ukae peke yako dakika ishirini, unaleta maringo?"

"Si maringo."

"Basi ni nini? Au mtoto humtaki tena? Sema nijue."

Akatazama viatu vyake. "Mama, benchi lako liko mkabala na mlango wa hicho chumba. Nikiwa ndani nasikia unavyokohoa. Mwanamume gani ataweza?"

Sista akaangusha fomu. Mtaalamu aligeukia ukuta, mabega yakimcheza.

Kumbe ni mimi. Muda wote nilidhani aibu imemkaa kichwani, au kwamba ameshakata tamaa na anaogopa kusema. Nilitamani kumkumbatia.

"Ungesema mapema, baba."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima hiyo nusura ininyime mjukuu."

Nikatoka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi viatu, akanipa kigoda bila kuniuliza maswali. Nikakaa pale nikiangalia anavyoshona soli, simu mapajani.

Saa saba kasoro simu ikaita.

"Zinatembea, Mama. Mtaalamu anasema zinatosha, na za kuchagua zipo." Sauti yake ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo tangu wapimwe. "Mke wangu ameshaamka. Njoo umwone."

Nilikuwa nimeshasimama, mguu mmoja barabarani. Kisha nikafikiri: tangu jambo hili lianze, wawili hawa hawajapata hata saa moja bila mimi katikati.

"Kaa naye wewe," nikasema. "Mimi naenda kazini."

Nikakata simu, nikasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, nikapanda.