Bibi Nshoma Anakausha Tumbo

Bibi Nshoma aliingia zahanati ya Kaniha na mjukuu mgongoni, akanitangazia kwa fahari kwamba tangu kuhara kuanze jana hajamwonjesha hata tone la maji.

"Tumbo lazima likauke, nesi."

Hasira zilinipanda, lakini mkubwa ni mkubwa. "Shikamoo, bibi," nilisema huku nikimpokonya mtoto.

Malongo, huyo mjukuu, alikuwa na miaka miwili. Macho yamedidimia, mdomo mkavu, analia bila machozi. Nilimfinya ngozi ya tumbo; ikarudi polepole. Kwenye choo hapakuwa na damu, homa hana. Alichokosa ni maji, na akiyakosa mpaka kesho tunamzika.

Chupa za dripu zote zilikuwa zimepelekwa kwa wanajeshi waliokuwa wakipigana mpakani. Gari la wagonjwa la hospitali ya Biharamulo nalo lilikuwa vitani, na sukari ya kumchanganyia maji na chumvi, katika duka la kijiji tulikuwa tumeisahau. Basi nikae nilie? Nilipika uji mwepesi wa mtama, nikaupoza, nikatia chumvi kidogo, nikauonja usizidi chumvi ya machozi.

Nilipompelekea mtoto kijiko cha kwanza mdomoni, bibi alinidaka mkono. "Unamuua!"

"Ana kiu, bibi! Hebu mtazame!"

Malongo alikuwa amekiuma kijiko, hakiachii. Akanywa, akanywa tena, kisha akatapika uji wote.

"Si nilisema!" Bibi alipiga yowe.

Nilisubiri kidogo, nikaanza upya, taratibu zaidi. Safari hii uji ulitulia. Mkono wangu ulipochoka, bibi alimpakata mtoto akachukua kijiko, bila kuniangalia usoni.

Alasiri bibi aliruka kutoka kwenye benchi, kanga inachuruzika.

"Amekojoa! Nesi, amekojoa!"

Malongo alishtuka akaangua kilio, na machozi, machozi ya kweli, yakamtiririka mashavuni. Furaha gani ile! Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka wagonjwa wakachungulia.

Ghafla bibi alinisukumia mtoto mikononi, akanyakua sufuria ya uji.

"Kwa jirani Ndassa!" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Mtoto wake naye anahara. Mimi ndiye niliyewaambia wamkaushe!"

Akatoka mbio kupita mstari wa nyumba za kijiji, uji ukimwagika. Nikamfuata na Malongo kiunoni, nikipaza sauti:

"Kijiko kimoja kimoja, bibi! Kimoja kimoja!"