Ufunguo wa Tatu

Walipokuja wote wawili asubuhi moja, nikajua wamechoka kunisema kwenye simu na sasa wamekuja kunisema uso kwa uso. Nilikuwa napiga pasi kola za sare za shule. Sikuizima pasi.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwenyekiti wetu, fundi suti, tunayemwita Mzee Tepu kwa sababu hata msibani huenda na tepu ya kupimia shingoni. Nyuma yake aliingia mdogo wangu wa tumbo moja, mshona magauni. Alipita bila salamu, akasimama dirishani. Mwezi mzima wawili hawa hawakuwa wamekaa chumba kimoja.

Chama chetu cha mafundi cherehani kilikuwa na jukwaa la mtandaoni, la blokcheni. Halina tajiri anayelimiliki, nakala ziko kwenye kompyuta za wanachama, na ukishaandika kitu hakifutiki. Tuliringa nalo. Humo tulipeana kazi, tulifundishana, na tulitaniana mpaka mbavu zikauma. Halafu mteja mmoja akaweka picha ya gauni la harusi lililompasukia mgongoni, akamtaja mdogo wangu. Watu wakacheka, wakacheka tena. Mdogo wangu akaomba picha ifutwe. Mzee Tepu akakataa katakata, akisema tukifuta moja tutafuta zote. Wakavutana mpaka jukwaa likagawanyika, likawa Upande wa Zamani uliobaki na picha, na Upande Mpya ulioanza nakala upya bila picha, na mafundi waliokuwa wakiazimana sindano wakaacha kusalimiana.

Sasa kila mmoja alitaka mwenzake afukuzwe. Kumtoa mwanachama kulihitaji saini mbili za mtandaoni, na saini ilitiwa kwa ufunguo wa siri; funguo zilikuwa tatu: wa mwenyekiti, wa mdogo wangu na wangu. Na kwa kuwa jukwaa liligawanyika lakini funguo zikabaki zilezile, saini ya upande mmoja ilihesabika pande zote. Ukitolewa, umetolewa kotekote: kazi, wateja, jina, basi.

"Mwanangu," Mzee Tepu akaanza, "wewe ni mtu wa haki. Mimi nimeshatia saini. Tia na yako tumalize."

"Haki gani?" mdogo wangu akadakia. "Nachekwa kila siku kwa sababu yake! Dada, mimi damu yako. Mtoe yeye."

"Kwani damu ndiyo iliyopasua gauni?" mzee akauliza.

Mdogo wangu akashika mkasi mezani. Hakuwa na nia mbaya, mkono ulitafuta tu cha kushika.

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Huyu msichana nimemlea mimi. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kukata suruali.

"Mmenigeuza panga," nikasema. "Kila mmoja anataka nimkate mwenzake, halafu mikono yake ibaki safi."

"Chagua, dada."

"Chagua, mwanangu."

Nikachukua simu, nikafuta programu ya jukwaa mbele ya macho yao. Kisha nikavua aproni. Sisi wenye funguo tulikuwa na mtindo wetu wa kifundi: maneno ya siri ya ufunguo hatukuyaandika popote, tuliyatarizi kwa uzi ndani ya bitana ya nguo ya kazi. Nikageuza bitana, nikachukua wembe, nikaanza kufumua.

"Unafanya nini wewe?" mzee akapaza sauti.

"Nafumua. Sina nakala, na kichwani sikumbuki hata neno moja."

"Dada, bila ufunguo huingii tena, utapotea na wewe! Wateja wako wote wamo humo!"

"Najua."

Iliniuma, sitadanganya. Mle ndimo zilimokuwa kazi zangu zote, na sifa nilizopewa na watu nisiowajua. Machozi yalinitoka, lakini mkono haukusimama. Neno la mwisho lilipobaki vipande vya uzi sakafuni, nikainua uso.

"Zimebaki funguo mbili," nikawaambia, "na sheria ni ileile, saini mbili. Mzee wangu, ukitaka kumtoa huyu, muombe yeye mwenyewe akutilie saini. Na wewe, mdogo wangu, ukitaka kumtoa mzee, yuko hapo, muombe."

Hakuna aliyeomba.