Jaribio la Tatu

Asubuhi ile mtaalamu wa benki ya damu alishika sufuria ya chai bila kitambaa. Kidole chake cha shahada kikaota lengelenge. Alikipaka dawa akaenda kazini, wala hakukumbuka kwamba kidole kile ndicho nusu ya ufunguo wake.

Mlango wa chumba cha damu ulikuwa wa chuma, na ulitaka vitu viwili vya mtu mmoja: kadi yake isogezwe karibu na kifaa cha ukutani, kisha kidole chake kiguse kioo. Zamani kadi pekee ilitosha. Ila wifi yake, dada wa mumewe, ambaye walipokezana naye zamu, alizoea kumwazima mhudumu kadi aingie kwa niaba yake. Mtaalamu akaripoti. Wifi akapewa onyo, mlango ukaongezewa kidole, na tangu hapo wawili hao walipishana koridoni kama watu wasiojuana.

Mchana daktari wa wodi ya wazazi akaja mbio. Kuna mama aliyejifungua, damu inamtoka haikatiki. Damu ya kundi lake ilikuwa mle ndani, imeshapimwa.

Mtaalamu akasogeza kadi. Taa ya kijani. Akaweka kidole. Nyekundu. Akafuta dawa, akaweka tena. Nyekundu.

Akaurudisha mkono haraka. Jaribio la tatu likishindikana, kifaa kingejifunga nusu saa, aje yeyote. Mkuu wao, mwenye ufunguo wa dharura, alikuwa safarini. Alibaki wifi tu, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni nyumbani kwake, nyuma ya hospitali. Kadi yake ilikuwa kwenye droo ya ofisi, kwa kuwa kadi hazikuruhusiwa kutoka nje ya jengo.

Akampigia simu, akaeleza kwa maneno machache. Alipomaliza tu, simu ikakatika.

"Anakuja?" daktari akauliza.

"Sijui."

Muuguzi akaja kusema mgonjwa ameanza kupoteza fahamu. Daktari akamgeukia mtaalamu.

"Jaribu tena, dada. Liwalo na liwe. Mtu anakufa pale."

"Nikikosea, hata wifi akifika hatutaingia."

Akaegemea mlango, mikono kaificha nyuma, maana alikuwa hajiamini. Asipokuja, aliwaza, mama huyu nitakuwa nimemuua mimi.

Vishindo vikasikika koridoni. Wifi alitokea akihema, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Hakusalimu. Kadi alikuwa ameipitia ofisini; akanyoosha kidole kilicholowa povu la sabuni.

"Kikaushe kwanza, wifi," mtaalamu akasema, akamnyooshea pindo la koti lake.

Wifi akakifuta pole pole. Kadi: kijani. Kidole kikatua kwenye kioo. Kijani. Kitasa kikaachia.

Jioni yule mama alifumbua macho akamuuliza muuguzi mtoto yuko wapi. Habari iliwakuta mawifi wameketi kwenye benchi la koridoni.

"Ulipokata simu nilijua umekataa," mtaalamu akasema.

"Ningeongea saa ngapi, nami nakimbia?"

Mtaalamu akacheka, machozi yakamtoka. Wifi hakucheka.

"Lile onyo bado linaniuma."

"Najua, wifi."

Wakakaa papo hapo, bega kwa bega, mpaka zamu ikaisha.